Golemu si jini: Barua kwa mwalimu wa Sori na tamthilia yake

Sori ni ukweni kwangu, na mkwe hana ruhusa ya kuzurura ovyo. Kwa hiyo nilipokwenda huko likizo iliyopita kwa mazishi, muda mwingi niliketi chini ya mwembe, nikiamkiana na kila apitaye na kula ngege kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Siku ya tatu akaja mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya upili ya huko, bahasha ya khaki kwapani. Tulipomaliza kujuliana hali aliniuliza swali moja tu.

"Prof, golemu ni jini?"

Nikamwambia la, golemu si jini. Uso ukamshuka. "Basi nina shida," akasema, "maana nimeandika kurasa arobaini nikisema ni jini."

Kurasa hizo ndizo zilizokuwa ndani ya bahasha: tamthilia aliyoitunga kwa ajili ya tamasha la maigizo la shule. Ameniruhusu niizungumzie katika safu hii kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, shule yake wala jina la tamthilia, kwa kuwa bado haijapanda jukwaani. Nami nimekubali, kwa sababu makosa yake ni ya maana zaidi kuliko usahihi wa miswada mingi ninayoletewa. Pia ndani yake mna jambo moja ambalo ningetamani lingekuwa langu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjane mmoja wa Sori, mfinyanzi aliyerithi ufundi wa vyungu kwa mamake, amehama kwenye vyungu na kuingia katika biashara ya omena. Hana mume, hana mtoto wa kiume, hana wa kumbebea magunia kutoka ufuoni. Usiku mmoja anachota udongo wa ufinyanzi, anaumba mtu mzima mwenye mikono mirefu, na kumwandikia neno kwenye paji la uso. Mtu huyo wa udongo anainuka. Haongei. Anabeba magunia, anatandaza omena juani, anafukuza ndege. Mjane anatajirika. Halafu mtoto wa jirani anapotea, na kando ya nyavu za kuanikia omena panaonekana nyayo kubwa zisizo na vidole.

Onyesho la kwanza ni zuri sana. Wavuvi wanarudi alfajiri na taa zao, mmoja anaziona zile nyayo, anazifunika kwa ndoo ili wenzake wasizione, kisha anakaa juu ya ile ndoo. Wenzake wanamuuliza kwa nini haondoki. Anasema amechoka. Hakuna anayeeleza lolote na hadhira haihitaji kuelezwa. Nikasoma nikijiambia, huyu mwalimu anajua kujenga fumbo.

Onyesho la pili, mzee wa kijiji anasimama barazani na kutamka, "Huyu mama anafuga jini." Fumbo likafia hapo hapo, ukurasa wa 14.

Niseme kwa nini. Nimelelewa Pwani, na jini kwetu ni neno lenye kazi maalumu na historia ndefu. Tumelipata kutoka Kiarabu pamoja na itikadi yake nzima. Majini katika itikadi hiyo wana akili, wana hiari, wana dini na wasio na dini, wanaoa na kuzaa, na wanasema. Aghalabu wanasema mno, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuhudhuria ngoma ya kupunga pepo na kusikia mgonjwa akidai ubani, kitambaa chekundu na halua. Na la msingi zaidi: Kurani, katika Sura Ar-Rahman, inaeleza kwamba binadamu ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa chungu, na majini wameumbwa kwa moto. Jini la udongo, basi, ni sawa na barafu ya makaa. Mzee wa Lamu akilisikia jukwaani atacheka mahali ambapo mwalimu anataka aogope.

Golemu ni kinyume cha hayo yote. Neno lenyewe ni la Kiebrania na linaonekana mara moja tu katika Biblia, katika Zaburi ya 139, likimaanisha kitu ambacho bado hakijapata umbo kamili. Kisa cha kale kinachotajwa na wote kimo katika Talmudi ya Babeli, katika kitabu cha Sanhedrin: mwanachuoni Rava aliumba mtu, akamtuma kwa mwenzake Zeira. Zeira akamsemesha. Hakujibu. Zeira akajua papo hapo kuwa kiumbe huyo ametoka mikononi mwa wenzake, akamwamuru arudi kwenye mavumbi yake. Kisa kizima ni mistari michache, na kipimo chake ni kimoja: lugha. Asiyejibu salamu hajakamilika.

Karne nyingi baadaye Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wakisimulia habari za golemu aliye mtumishi wa nyumbani. Mnamo 1808 Jakob Grimm, yule yule wa ngano za ndugu wawili, aliandika kwa ufupi jinsi kisa hicho kilivyosimuliwa Poland. Golemu ameandikwa kwenye paji la uso neno *emet*, yaani ukweli. Kila siku anakua. Akiwa mkubwa kupita kiasi, bwana wake hufuta herufi ya kwanza, likabaki *met*, yaani amekufa, naye akaanguka akawa udongo tena. Kuna bwana mmoja aliyezembea hadi paji la uso likawa juu mno, mkono haulifikii. Akamwamuru golemu amvue viatu ili ainame. Golemu akainama, herufi ikafutwa, na lundo lote la udongo likamwangukia bwana na kumuua.

Hapa ndipo mwalimu wangu wa Sori alipofanya jambo ambalo watafsiri wengi wangelikwepa. Wengi wangeacha *emet* na *met* kama zilivyo na kuweka maelezo chini ya ukurasa, au wangeandika KWELI kwenye kichwa cha mwigizaji na kutumaini kwamba hakuna atakayeuliza WELI ni nini. Yeye aliandika UZIMA. Mjane anapanda juu ya gunia la omena, anafuta U kwa kidole kilicholowa, na kinachobaki kwenye udongo ni ZIMA.

Niliweka karatasi chini nikatazama ziwa kwa muda. Kila mtoto wa Sori anaijua amri hiyo: zima taa, zima redio, zima simu mwalimu anakuja. Herufi moja imeondoka na uhai umegeuka amri ya kukata uhai. Mzungumzaji wa Kiswahili atasikia zaidi ya hapo, kwa kuwa *-zima* hiyo hiyo ni ya mtu mzima na mkate mzima, kwa hiyo neno linaloua linabaki na harufu ya ukamilifu ambao golemu hakuwahi kuupata. (Kama vitenzi na vivumishi hivi vina asili moja ni mjadala wa siku nyingine, na naomba wanaisimu wasiniandikie wiki hii.) Nilimuuliza mwalimu aliipata wapi. Akasema alikuwa darasani, umeme ukapotea, wanafunzi wakapiga kelele "nani amezima!"

Mtu mwenye sikio la namna hiyo hana udhuru wa kuandika jini.

Lakini nisiishie kwenye kamusi, kwa maana ningekuwa nimemwonea. Neno jini limeharibu kitu kikubwa kuliko usahihi. Katika Kiswahili cha mitaani cha leo, kuanzia Mombasa hadi Busia, kusema fulani "anafuga majini" ni kumshtaki. Ndiyo kauli ya kumwelezea mwenye duka aliyetajirika haraka, mjane aliyejenga nyumba ya mawe, jirani ambaye ng'ombe wake hawafi. Anayeisema hatakiwi kutoa ushahidi, kwa sababu jini halionekani. Mzee wa kijiji anapoitamka jukwaani, hadhira haitaki tena kujua nyayo ni za nani na mtoto amekwenda wapi. Jini linajibu kila swali. Hapo taharuki imekwisha na hukumu imeanza.

Na hukumu ilifuata kweli. Katika mswada niliopewa, onyesho la mwisho wanakijiji wanachoma nyumba ya mjane. Mjane anafuta herufi, golemu anamwangukia, wote wawili wanafunikwa na moshi. Mtoto aliyepotea hatajwi tena. Kisha Msimulizi anajitokeza na kutuusia kwamba tamaa mbele, mauti nyuma.

Nikamuuliza, "Mwalimu, mtoto yuko wapi?"

Akafikiri. "Nadhani jini lilimchukua."

"Unadhani? Wewe ndiye mtunzi."

Akacheka, lakini nilimwona akigeuza kurasa.

Ngoja nieleze kwa nini mtoto huyo amenikaa rohoni. Golemu anayejulikana zaidi duniani ni yule wa Praha, anayehusishwa na rabi Judah Loew ben Bezalel aliyefariki 1609. Kumhusisha rabi huyo na golemu katika maandishi ni jambo la karne ya 19, miaka mingi baada ya kifo chake. Aliyempa golemu huyo kazi tunayoikumbuka ni rabi mwingine, Yudl Rosenberg, katika kitabu alichokichapisha 1909. Alidai kakipata katika mswada wa kale, ilhali wataalamu wanakubaliana kwamba ni utunzi wake mwenyewe. Katika visa vya Rosenberg golemu haumbwi ili abebe maji wala kupasua kuni. Anaumbwa kwa sababu Wayahudi wanasingiziwa kwamba huwaua watoto wa Kikristo na kutumia damu yao. Mtoto anapotea, au maiti inafichwa kwenye nyumba ya Myahudi usiku, na asubuhi umati uko mlangoni. Golemu hutembea usiku, huwakamata walioibeba maiti, na ukweli hujulikana. Visa vyake, kwa lugha ya leo, ni hadithi za upelelezi ambazo mpelelezi wake ni bubu.

Uzushi huo haukuwa wa ngano tu. Mnamo 1911, miaka miwili baada ya kitabu hicho, Myahudi mmoja wa Kiev, Mendel Beilis, alikamatwa kwa kusingiziwa kumuua mvulana kwa ajili ya damu. Alikaa gerezani zaidi ya miaka miwili hadi baraza la mahakama lilipomwachilia 1913.

Sasa tuutazame mswada wa Sori kwa mwanga huo. Mtoto amepotea. Mwanamke asiye na wa kumtetea anashukiwa. Kuna kiumbe wa udongo anayetembea usiku. Vipande vyote vya kisa cha Praha vimo, ila tokeo limepinduliwa. Kule kiumbe ni jibu kwa uzushi, na hapa kiumbe ni uthibitisho wa uzushi. Kule umati unakosea na hapa umati una haki, tena Msimulizi anaupigia makofi kwa methali. Mwalimu hakukusudia hivyo. Neno moja alilolichagua kwa haraka lilikuja na kesi yake tayari imeandikwa, naye akaisoma hadi mwisho.

Hili si jambo la vitabuni katika nchi yetu. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Kutoka Sori hadi Kisii ni safari ya saa chache kwa matatu. Na kwetu Pwani, hasa Kilifi, wazee wameishi kwa hofu miaka mingi kwa sababu mvi zimekuwa ushahidi. Nimezika mzee mmoja wa aina hiyo. Sitasema zaidi, ila kwamba kabla ya panga lilitangulia neno, na neno hilo lilirudiwa sokoni kwa miezi kana kwamba ni utani.

Mwalimu alinisikiliza kwa adabu, kisha akatoa hoja ambayo naona ni ya haki. "Prof, nikiandika golemu, hapa Sori watadhani ni kampuni ya bima."

Nikamwambia asiliandike. Liwe kwenye tangazo la mlangoni, likitaka, lakini jukwaani asilitamke mtu. Nikamkumbusha kwamba alipoketi yeye na mimi, tukitazama kaskazini kwa kufuata ufuo, tulikuwa tunaelekea Gwassi, na Gwassi kuna Nyamgondho.

Wasomaji wengi mnakijua kisa hicho, maana kimo katika masomo ya fasihi simulizi. Nyamgondho, mwana wa Ombare, alikuwa maskini akivua samaki. Siku moja badala ya samaki akanasa mwanamke. Masimulizi yanatofautiana juu ya sura yake: wengine husema kikongwe, wengine husema chongo. Akampeleka nyumbani. Asubuhi boma likawa limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akazoea pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa, hasira zikampanda, akamtukana yule mwanamke kwamba si kitu, kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke akaondoka kimya kuelekea majini, na mifugo yote ikamfuata, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho akazama. Nyamgondho akabaki amesimama ufuoni ameegemea fimbo, akageuka mti. Ukifika Nyandiwa utaonyeshwa alipokuwa amesimama, na utaonyeshwa nyayo za ng'ombe kwenye miamba.

Kwa miaka mingi nimesahihisha insha juu ya kisa hiki. Karibu zote huishia mahali pamoja: pombe ni mbaya, au tusiwadharau wake zetu. Sipingi. Lakini hebu tuangalie jambo ambalo msimulizi anakataa kulifanya. Hatuambii mwanamke huyo ni nani. Wajaluo hawana upungufu wa majina: wanayo *juogi* wa kumpanda mtu, wanayo *jachien*, roho ya marehemu inayorudi kusumbua, na watu wa ufuoni wanao *nyawawa*, wale wapitao usiku na kufukuzwa kwa kugonga sufuria na mabati. Msimulizi hachagui hata jina moja. Mwanamke ni mwanamke. Anapika, anahesabu ng'ombe, anafunga lango. Fumbo linakaa ndani ya nyumba kwa miaka na hakuna anayeliuliza, mpaka mlevi mmoja anapoamua kumtajia asili yake. Tusi lake lote ni hilo. Amempa jina la alikotoka, na kila kitu kikarudi kilikotoka.

Grimm na wazee wa Gwassi hawakuwahi kukutana, wala sidai kwamba kisa kimoja kimezaa kingine. Nasema tu kwamba msimulizi wa Nyamgondho alijua kanuni ambayo onyesho la pili la mwalimu wangu liliivunja. Kutaja ni tendo. Anayetaja ndiye anayetenda, kwa hiyo mtunzi awe mwangalifu anamkabidhi nani kazi hiyo.

Pendekezo langu likawa hili. Kila mhusika ampe kiumbe jina lake mwenyewe, nao wagombane. Mvuvi aseme ni nyawawa. Mama wa kanisani aseme ni pepo mchafu. Kijana wa bodaboda, anayetazama filamu kwenye simu, aseme zombi. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa kununua samaki aseme jini, na kwa kinywa chake neno litakuwa mahali pake. Mtu wa kutoka Tanzania, na Sori hawakosekani, mpaka uko karibu, aseme msukule. Huyu wa mwisho atakuwa amekaribia kuliko wote, kwa kuwa msukule, kama ndondocha, ni mtumishi aliyenyang'anywa ulimi. Lakini naye atakosea, maana msukule alikuwa mtu kwanza akaibiwa, na huyu hajawahi kuwa mtu. Mjane peke yake asimpe jina. Amwite "kijana", kama anavyoitwa kila anayebeba gunia ufuoni.

"Na mtoto?" mwalimu akauliza.

"Mtoto ni wako. Lakini mtu fulani katika kijiji hicho anajua alipo, na huyo ndiye anayepiga kelele kuliko wote kuhusu nyayo."

Alikaa kimya, kisha akaandika kitu kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Akanijia na hoja ya pili: waamuzi wa tamasha wanataka funzo, na mwalimu mkuu naye anataka funzo lililo wazi. Nikamjibu kwamba mtu akikaa juu ya ndoo ili kuficha nyayo, hadhira imeshajifunza mengi kuhusu woga, na hakuna methali iliyotumika. Sijui kama nilimshawishi. Mimi sina mwalimu mkuu.

Nimeacha mwisho jambo ninalolipenda zaidi, la sarufi, ambalo wengine wataliona dogo. Kiswahili kina zana ambayo Kiebrania cha *emet* hakina na Kijerumani cha Grimm hakina: upatanisho wa ngeli. Udongo *unachotwa*, *unakandwa*, *unaumbwa*. Neno likishaandikwa, mjane anasema "*amesimama*". Kiambishi kimehama kutoka *u-* hadi *a-*, kutoka kitu hadi kiumbe, na hadhira imeshuhudia uumbaji mzima katika silabi moja bila radi wala moshi. Wanakijiji wenye chuki watasema "*limepita* hapa", wakimtupa katika *li-* ya ukubwa na dharau, ile tunayoitumia kwa jitu na joka. Umbeya wote wa kijiji unaweza kusikika katika vitenzi. Na herufi ikifutwa, mjane atazame chini aseme "*umeanguka*", na tutajua kwamba ni udongo tena.

Katika mswada wa awali viambishi hivi vilikuwa vimechanganyika, "jini limesimama" ukurasa mmoja na "jini amesimama" ukurasa unaofuata, kwa sababu neno jini lenyewe linatuyumbisha sote. Ukiliondoa, sarufi inapata nafasi ya kufanya kazi ya mtunzi. Paul Wegener katika filamu yake ya 1920 alihitaji mwili mzima wa mwigizaji, kofia ya nywele za udongo na nyota kifuani kuonyesha kiumbe anayekuwa hai, na filamu yenyewe ilikuwa bubu kama golemu wake. Mtunzi wa Kiswahili anahitaji *a-*.

Kesho yake jioni mwalimu aliniomba nihudhurie mazoezi. Mama mkwe akaniruhusu, nikaenda. Wanafunzi tisa walikuwa wamekuja, wale wanaoishi karibu. Golemu alikuwa kijana mrefu wa kidato cha tatu ambaye, niliambiwa, ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote darasani, na alikuwa akiteseka kwa kunyamaza. Walikuwa wamempaka tope la kweli. Walifanya onyesho la mwisho kama lilivyorekebishwa kwa penseli usiku ule: hakuna moto, umati umesimama nje ya lango, ndani mjane na kijana wake wawili tu.

Msichana aliyeigiza mjane akapanda juu ya gunia, akalowesha kidole, akafuta U. Kijana akaanguka vibaya, bega kwanza, kwa kishindo. Msichana alitakiwa kusema "umeanguka". Akasema, "Ameanguka."

Mwalimu akamsimamisha, akamweleza kwa upole habari ya udongo na kiambishi chake, huku akinitupia jicho. Wakarudia. Kijana akaanguka tena, safari hii polepole. Msichana akamtazama pale chini.

"Ameanguka," akasema.

Mwalimu akanigeukia aone nitasemaje. Nikamwambia aendelee na onyesho.

Juzi ameniandikia ujumbe kwamba mtoto aliyepotea amepatikana, ukurasa wa 31, na kwamba mstari wa msichana umebaki kama alivyousema.